UZI: Wosia haukuepushi na probeti Marekani, tuongee trasti na majina yaliyoandikwa kwenye mali zetu

KijanaWaTabora (mleta uzi):

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, vuta kiti.

Nafanya kazi kwenye ofisi ya wakili hapa California upande wa mirathi, mi sio wakili ila mafaili yanapita mkononi mwangu kila siku, na kuna kitu kinaniuma sana kuhusu sisi tuliotoka Bongo, Kenya, Congo na kwingineko. Tunabeba boksi miaka na miaka, tunanunua nyumba, tunakata bima, kazini wanatukata hela ya 401(k), ile akiba ya uzeeni, halafu mtu akifa familia inachangishana hela ya kusafirisha mwili na wakati huohuo nyumba imekwama mahakamani zaidi ya mwaka na hakuna hata mmoja mwenye ruhusa ya kuiuza. Na baadhi yao unakuta wosia waliandika kabisa, wakaamini wamemaliza.

Wosia haukuepushi na mahakama. Hili liwaingie kabla ya kitu kingine chochote. Hapa Marekani wosia ni barua kwa jaji, unamwambia mali zangu ziende kwa fulani na msimamizi awe fulani, sasa barua kwa jaji lazima ipelekwe kwa jaji, athibitishe kwamba ni ya kwako kweli, ateue msimamizi, wadai wapewe muda wa kujitokeza, ndo mali igawanywe. Mchakato wote huo ndo wanaita probeti, na ukiwa na wosia mzuri unapita humohumo, tofauti ni kwamba jaji anafuata ulivyosema wewe badala ya kufuata sheria ya jimbo.

Mahakama inaingia wapi sasa? Inaingia kwenye mali iliyobaki na jina la marehemu peke yake, na hakuna mtu mwingine ambaye karatasi za hiyo mali zinamtambua kama mpokeaji. Basi. Njia zote mnazosikia, trasti, hati ya kuhamisha nyumba kifo kikitokea, akaunti ya benki yenye jina la mpokeaji, zote zinafanya kazi moja tu, kuhakikisha siku unakufa hakuna kitu cha maana kilichobaki na jina lako peke yako. Mtu akishaelewa hapo hadanganywi tena na hawa wanaozunguka makanisani na misikitini kuuza mafaili ya trasti kwa maelfu ya dola.

Kwanini watu wanaikimbia probeti hasa huku California? Gharama. Sheria ya jimbo imepanga malipo ya wakili kwa asilimia, 4% ya dola 100,000 za mwanzo, 3% ya 100,000 zinazofuata, halafu 2% ya 800,000 zinazofuata, na msimamizi wa mirathi naye ana haki ya kiasi hichohicho. Chukua nyumba ya dola 900,000, ambayo Bay Area, eneo la San Francisco, ni nyumba ya kawaida kabisa. Wakili 21,000, msimamizi 21,000, jumla 42,000, na hapo hujagusa ada za mahakama, tangazo la gazetini, mthamini. Kinachoumiza zaidi ni kwamba asilimia inapigwa kwenye thamani yote ya nyumba bila kutoa deni la benki, yaani kama nyumba ni 900,000 na unadaiwa 600,000, kilicho chako kweli ni 300,000 ila hesabu inapigwa kwenye 900,000. Msimamizi akiwa ndugu anaweza kusamehe fungu lake na wengi wanasamehe, wakili hasamehi. Muda nao, wadai peke yao wanapewa miezi minne tangu msimamizi ateuliwe, kwaiyo hata mambo yakinyooka kabisa usitegemee kumaliza chini ya miezi tisa, na mwaka na nusu ni kitu cha kawaida.

Halafu faili la probeti ni la wazi. Mtu yeyote anaingia kaunta ya mahakama anaomba kuona marehemu aliacha nini, anadaiwa na nani, nani kapewa ngapi. Kwa jamii zetu tunavyojuana mpaka kijijini, fikirieni wenyewe.

Sasa trasti. Ile wanayoita livingi trasti, yaani unaianzisha ukiwa hai na unaweza kuibadilisha au kuifuta muda wowote. Unaandika mkataba, wewe mwenyewe ndo mwanzilishi, wewe ndo mdhamini (anayeshika mali kwa niaba ya mnufaika), wewe ndo mnufaika ukiwa hai. Halafu unataja mdhamini atakayeshika nafasi ukifa au ukipata ugonjwa wa kukupoteza akili, na unataja nani apate nini. Kodi unalipa kama zamani kwa namba yako ileile ya sosho sekyuriti, nyumba unakaa kama zamani, unauza ukitaka. Siku ukiondoka, aliyetajwa anachukua usukani bila kumwomba jaji ruhusa. Hapa California bado ana wajibu, ndani ya siku 60 lazima awape taarifa ya maandishi wanufaika na warithi wa kisheria, nao wanakuwa na siku 120 za kupinga kama wana la kupinga, lakini nyumba haijakwama.

Na hapa ndo penye msiba wenyewe. Mtu analipa dola 2,500 au 3,000, anaandikiwa trasti nzuri ya kurasa sitini, anaiweka kabatini, na nyumba hajaihamisha. Hati bado inasoma jina lake. Hiyo trasti haina kitu ndani. Lazima hati mpya iandikwe kutoka kwako binafsi kwenda kwako kama mdhamini wa trasti, isainiwe mbele ya notari (anayethibitisha saini), ipelekwe kusajiliwa kwenye ofisi ya kumbukumbu ya kaunti. Akaunti za benki nazo zibadilishwe jina. Michael Jackson alikuwa na trasti ya familia na wosia wa 2002 uliosema kila kitu kiingie kwenye ile trasti, ila mali zilikuwa hazijahamishiwa humo, alipofariki Juni 2009 kesi ikaingia mahakama ya Los Angeles na ikakaa huko zaidi ya miaka kumi. Mtu mwenye mawakili wa kila aina. Sembuse mimi na wewe.

Ulizeni maswali, ntajibu ninachokijua, na ambacho ni cha wakili ntasema ni cha wakili.

BoksiMzee:

Mkuu asante kwa uzi, ila naomba niseme ukweli, haya mambo ni ya wenye nyumba. Mi napanga apatimenti Sacramento, nina Toyota moja, akaunti yenye dola elfu kumi na kitu na 401(k) ya kazini, watoto wawili wadogo. Nitumie elfu tatu kuandika trasti ya nini?

KijanaWaTabora:

Mzee usitumie, na anayekuambia utumie anataka hela yako. Kwa hali hiyo trasti huihitaji kabisa kwa sasa.

Nenda benki uwaambie unataka kuweka jina la mpokeaji kifo kikitokea kwenye akaunti, ni fomu moja na ni bure, mpokeaji akija na cheti cha kifo na kitambulisho analipwa. 401(k) nenda HR au ingia kwenye tovuti yao uangalie umeandika nani. Gari DMV, ofisi ya kusajili magari, wana utaratibu wao. Na hapa California mali za kawaida zikiwa jumla hazifiki dola 208,850 (kiwango kilichoanza Aprili 2025) warithi wanasubiri siku 40 wanaandika kiapo wanazichukua bila probeti. Zile zenye jina la mpokeaji hazihesabiwi humo.

Ila wosia UNAUHITAJI, na sababu ni hao watoto wawili. Mlezi wa watoto anatajwa kwenye wosia, trasti haifanyi hiyo kazi. Mungu apishie mbali, ukiondoka na mama yao, kama hujasema nani awalee jaji ndo ataamua, na jaji hamjui dada yako wa Morogoro wala hajui kwamba shemeji aliyeko mtaa wa pili hamuelewani. Andika, weka mashahidi wawili ambao hawarithi chochote, saini mbele yao. California wanakubali hata wosia ulioandikwa wote kwa mkono wako na kusainiwa bila mashahidi, ila mashahidi wanapunguza ugomvi.

Na usiwaandike watoto wadogo moja kwa moja kama wapokeaji wa bima au 401(k). Kampuni ya bima haimkabidhi mtoto wa miaka sita hundi, mnarudi mahakamani kuteuliwa msimamizi wa hela zake mpaka afike 18, na akifika 18 anakabidhiwa zote kwa mkupuo. Nadhani mnawajua watoto wa miaka 18. Siku bima yako ikiwa kubwa hapo ndo trasti ina maana hata kama huna nyumba, unasema hela zisomeshe, zitoke kidogokidogo, kilichobaki apewe akifika 25 au 30.

MamaWawili_WA:

Naomba nikazie hapo kwenye majina ya kazini maana ndo yanatumaliza. Mi nipo Washington na kuna kesi maarufu ya jimbo hili ilifika mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani 2001, Egelhoff. Jamaa alikuwa mfanyakazi wa Boeing, akaachana na mkewe 1994, muda mfupi baadaye akafa kwa ajali ya gari, hakuacha wosia na fomu za kazini alikuwa hajabadilisha, zimeandikwa jina la mke wa zamani. Watoto wake wa ndoa ya kwanza wakaenda mahakamani kwa sababu sheria ya Washington inasema talaka ikitoka jina la mwenza linafutika lenyewe. Mahakama ya Juu ikasema hapana, mafao ya kazini yanatawaliwa na sheria ya shirikisho ya ERISA, mpango unamlipa aliyeandikwa kwenye fomu. Mke wa zamani akachukua bima na pensheni.

Kwaiyo nyie mliopewa talaka, mlioa upya, mlioandika majina ya kaka zenu 2006 mlipoanza kazi mkiwa hamjaoa, nendeni mkaangalie leo. Wosia wako hauwezi kuibadilisha hiyo fomu, hata ukiandika kwa wino wa dhahabu.

KijanaWaTabora:

Umesema kweli tupu dada. Na naongezea, ukiwa umeoa, 401(k) nyingi mke au mume ndo mpokeaji kisheria moja kwa moja hata kama uliandika mtu mwingine, labda asaini mwenyewe kukubali mbele ya notari au mwakilishi wa mpango. Yule uliyeandika "kaka" halafu ukaoa, kaka hapati. IRA, ile akaunti ya kustaafu unayofungua mwenyewe, haiko hivyo, inafuata fomu, ukiacha majimbo ya mali ya ndoa ambako mwenza ana nusu yake.

Nakuru2Dallas:

Mimi naona mleta mada unatisha watu na mambo ya California. Texas probate sio ngumu hivyo bwana. Ukiwa na wosia uliokaa vizuri na umeandika msimamizi afanye kazi bila kusimamiwa na korti, unaenda kwa jaji mara moja unaapishwa unapewa barua zako unaendelea na shughuli zako. Mjomba wangu alimaliza haraka tu. Loya wetu alituambia kabisa trasti hapa si lazima.

KijanaWaTabora:

Sikatai ndugu, na nashukuru umeleta hilo maana kila jimbo na sheria yake na mtu wa Houston asikimbilie kulipia trasti kwa sababu kasoma uzi wa mtu wa Oakland. Texas usimamizi huru kweli ni mwepesi, na kuna njia nyingine pale ambapo marehemu hakuacha deni zaidi ya lile la nyumba, wosia wenyewe unapokelewa na mahakama kama ushahidi wa nani sasa mwenye mali, hata msimamizi hateuliwi. Ila wosia upelekwe ndani ya miaka minne tangu kifo, wengi wanaukalia.

Tatizo la Texas ni kwa asiyeacha wosia kabisa. Hapo inafunguliwa kesi ya kutafuta warithi ni akina nani, mahakama inamteua wakili wa kuwakilisha warithi wasiojulikana, na wanamlipa kutoka kwenye hizohizo mali zenu, na wanatakiwa mashahidi wawili wanaoijua historia ya familia ya marehemu na ambao hawana maslahi kwenye urithi. Mkenya au Mtanzania aliyekuja peke yake, nani Dallas anaijua historia ya familia yake, alioa lini, kama aliacha mtoto Nakuru au Singida? Mnaanza kutafutana. Wosia wa kurasa tano ungemaliza.

Na Texas tangu 2015 wana hati ya kuhamisha nyumba kifo kikitokea. Unaisaini mbele ya notari, unaisajili kaunti ukiwa hai, nyumba inabaki yako mia kwa mia mpaka unakufa, unaweza kuifuta. California nayo ipo tangu 2016 ila ina masharti zaidi, mashahidi wawili pamoja na notari, na isajiliwe ndani ya siku 60 tangu notari. Minnesota ipo, Washington ipo. Kwa mtu mwenye nyumba moja na mtoto mmoja mtu mzima hiyo hati inaweza kutosha kabisa. Ukiwa na watoto wanne, mmoja mdogo, wawili hawaongei, mmoja yupo Tanga, hapo trasti inakusaidia zaidi kwa sababu inabeba maelekezo, hati haibebi.

Na hapa California kwa uaminifu niseme pia, tangu Aprili 2025 nyumba aliyokuwa anaishi marehemu ikiwa haizidi dola 750,000 kuna ombi la njia fupi mahakamani, halina zile asilimia nilizotaja. Bado ni mahakama, ila nyepesi. Wenye nyumba Stockton au Bakersfield, ambako bei ziko chini, hesabu zao zinabadilika.

pwani_minneapolis:

Assalaam alaykum. Sisi Waislamu mbona hujatugusa? Wengi huku tunasema sisi tuna Qurani, mirathi imeshagawanywa, kuandika ni kumuingilia Mungu. Mzee mmoja wa msikitini kwetu alifariki na msimamo huohuo, wanawe wakatarajia imamu ndo atagawa, wakaambiwa na mahakama hapana.

KijanaWaTabora:

Waalaykum salaam. Hili ni zito na nilikuwa nalisubiri.

Usipoandika kitu, mahakama ya Minnesota au California haifuati faraidh, yaani mgawanyo wa mirathi wa Kiislamu, inafuata sheria ya jimbo ya mtu asiyeacha wosia. Binti na mtoto wa kiume sawasawa, mama yako mzazi hapati kitu kama umeacha mke na watoto, na mke wa pili uliyemuoa kwa nikaha tu hatambuliki. Kwaiyo anayetaka faraidh ifuatwe Marekani ni LAZIMA aandike. Kwenye trasti au wosia unaelekeza madeni yalipwe, wasia (unachompa mtu nje ya mafungu) usizidi theluthi na usiende kwa mrithi, kilichobaki kigawanywe kwa mafungu. Mahakama inaheshimu kwa sababu ni matakwa yako wewe mwenye mali, haiulizi umeyatoa wapi. Sehemu nzuri ni kuelekeza mafungu yahesabiwe kwa warithi walio hai siku ya kifo, usiandike asilimia za leo, maana mtu anazaliwa na mtu anakufa.

Kuna mambo mawili lakini. California, Texas, Washington na Arizona ni majimbo ya mali ya ndoa, nusu ya mlichochuma ndani ya ndoa tayari ni ya mwenzako, wewe unagawa nusu yako tu. Na Minnesota mjane ana haki ya kukataa ulichomuachia na kudai fungu la kisheria, linakua kadiri ndoa inavyodumu mpaka 50% ikifika miaka 15, na mali zilizo kwenye livingi trasti zinahesabiwa humo. Ukimwandikia thumuni, anaweza kudai nusu. Wengine wanakaa chini wakiwa hai, mke anapata wakili wake mwenyewe, anaridhia kwa maandishi. Bila wakili wake hiyo karatasi inaweza kuvunjwa, na mi naona ni haki ivunjwe, mwanamke asisainishwe kitu jikoni.

Na kwa kuwa upo Minneapolis, Prince yule mwanamuziki mnamkumbuka. Alifariki Aprili 2016 bila wosia wowote, bila mke, bila mtoto. Warithi wakatangazwa ni ndugu sita, mmoja wa baba na mama, watano wa upande mmoja, na kwa sheria ya Minnesota wote wana fungu sawa. Mali ya dola milioni 156, kesi ikachukua miaka sita mpaka 2022, na katikati baadhi ya ndugu walishafariki na wengine walishauza mafungu yao.

MamaWawili_WA:

Na wosia wa mwimbaji Aretha Franklin je, maana aliandika lakini karatasi zikaokotwa.

KijanaWaTabora:

Aretha alifariki Agosti 2018 watu wakidhani hakuna wosia, 2019 zikapatikana karatasi za mkono nyumbani kwake Michigan, moja ya 2010 kwenye kabati iliyofungwa na nyingine ya 2014 chini ya mto wa kochi. Wanawe wakapelekana mbele ya baraza la wazee wa mahakama, na Julai 2023 likaamua ya kochini ndo halali. Watoto wa mama mmoja miaka mitano. Mwambie mtu mmoja unayemwamini karatasi zako zilipo.

mgeni_arusha:

Mimi nimesharudi nyumbani tangu juzijuzi, niliishi Atlanta miaka mingi kwa grini kadi, nikairudisha. Nyumba yangu ya Atlanta nimepangisha. Na hapa Arusha nina viwanja viwili. Je hiyo trasti ya Marekani naweza kuviingiza na viwanja vya Arusha?

KijanaWaTabora:

Mkuu wewe uko kwenye kundi ambalo wengi hawajui hatari yake, nisome taratibu.

Ardhi inafuata sheria ya nchi ilipo. Trasti ya Georgia, jimbo la Atlanta, haihamishi kiwanja cha Arusha, msajili wa hati hana habari nayo. Cha Arusha kiandikie wosia wa Tanzania, RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanaandika na kutunza wosia, na mwambie wakili wa kule na wa huku wote wajue kuna karatasi mbili, maana kosa la kawaida ni wosia wa pili kuandikwa "nafuta wosia zote za nyuma" ukafuta na ule wa nchi nyingine. Nawe kama ulichukua uraia wa Marekani, Tanzania hairuhusu uraia pacha na Sheria ya Ardhi ya 1999 inambana sana asiye raia kwenye kumiliki ardhi, kwaiyo hata watoto wako wazaliwa wa Atlanta kurithi hati ni suala la kukaa na wakili wa huko mapema. Kenya wana uraia pacha tangu katiba ya 2010 na tangu 2021 sheria yao inatambua trasti za familia, wao wana njia zaidi kidogo.

Sasa hatari yenyewe. Raia au mkazi wa kudumu wa Marekani kodi ya mirathi ya shirikisho haimgusi mpaka mali ivuke dola milioni 15 kwa wanaofariki 2026, kwaiyo sote humu hatuna habari nayo. Lakini asiye raia ambaye makazi yake ya kudumu sio Marekani tena, kinga yake kwa mali zilizoko Marekani ni dola 60,000 TU. Nyumba ya Atlanta ya 350,000 kwa mtu aliyerudi Arusha moja kwa moja ina kodi, na Marekani haina mkataba wa kodi ya mirathi na Tanzania wala Kenya. Livingi trasti haiondoi hiyo kodi hata senti. Tafuta mtaalamu wa kodi za wasio wakazi kabla hujafanya lolote, usiende kwa huyu anayejaza ritani za kodi za wafanyakazi.

mgeni_arusha:

Dah. Nimeishiwa nguvu ila asante sana. Naanza kutafuta wiki hii.

BoksiMzee:

Swali dogo, ndugu wa kuaminika kabisa nilienaye ni kaka yangu yupo Mwanza. Anaweza kuwa msimamizi?

KijanaWaTabora:

Kwa California, usipoacha wosia HAWEZI, asiye mkazi wa Marekani hateuliwi msimamizi wa mirathi. Ukimtaja kwenye wosia kama mtekelezaji anaweza, ndo sababu nyingine ya wewe kuandika. Jaji anaweza kudai dhamana ya bima kwa ajili yake.

Kwenye trasti kumtaja kaka wa Mwanza kama mdhamini atakayefuata inaruhusiwa, ila ukishakufa na maamuzi yote yakawa mikononi mwa mtu asiye raia wala mkazi wa Marekani, IRS, watu wa kodi wa Marekani, wanaweza kuihesabu kuwa trasti ya kigeni, zinakuja fomu na adhabu nzito. Watu wanamtaja rafiki mwaminifu au mtu mzima wa jumuiya aliyeko Marekani awe mdhamini, na kaka anatajwa awe wa kushauriwa kuhusu watoto.

Nakuru2Dallas:

Na kumuongeza mtoto kwenye hati ya nyumba tu? Hapa wengi wanafanya hivyo, rahisi, hakuna loya.

KijanaWaTabora:

Probeti inaepukika kweli kama mmeandikwa kwa utaratibu wa anayebaki anachukua yote, ila unalipa kwingine. Siku unamuongeza umempa zawadi ya sehemu ya nyumba, huwezi kumtoa bila saini yake, akigonga mtu na gari au akipewa talaka wadai wake wanaiangalia nyumba yako. Na kodi, mtoto akirithi ukifa thamani ya nyumba kwa hesabu za IRS inaanza upya siku ya kifo, uliyonunua 200,000 ikiwa 700,000 anauza bila kodi ya faida, ila ile sehemu uliyompa ukiwa hai inaweza kubaki na bei yako ya zamani, inategemea hati ilivyoandikwa. Ukitumia trasti au ile hati ya kifo anapata hesabu mpya kwenye nyumba nzima.

MamaWawili_WA:

La mwisho kutoka kwangu, benki haitasema umekiuka mkopo ukihamisha nyumba kwenye trasti?

KijanaWaTabora:

Hapana. Sheria ya shirikisho ya 1982, Garn-St Germain, inaizuia benki kudai mkopo wote kwa sababu umehamishia nyumba unayoishi kwenye trasti ambayo wewe bado ni mnufaika. Wajulishe tu, na kampuni ya bima ya nyumba uwaambie waongeze jina la trasti kwenye bima.

Ila ukija kufanya rifainansi, yaani kubadilisha mkopo wa nyumba, kuwa macho. Wakopeshaji wengi wanakuambia toa nyumba kwenye trasti kwanza tukamilishe mkopo, unasaini hati kumi na mbili siku moja, nyumba inarudi jina lako binafsi, na hakuna anayekukumbusha kuirudisha. Mkopo ukishakamilika omba nakala ya hati iliyosajiliwa mwisho kaunti na usome jina lililoandikwa. Kama sio la trasti, andika hati mpya wiki hiyohiyo.